Shamari Bustanini Tanga: Mwongozo Kamili kwa Aliyejaribu Ikamshinda

Kila kipupwe kinapoisha hunijia watu na kisa kile kile. Walipanda shamari, ile inayoitwa fennel kwa Kiingereza, nyingine zikaota, miche ikarefuka membamba kama fito, ikatoa maua ya njano kabla majani hayajatosha sufuria moja ya mchuzi. Kile kichwa cheupe kilichonona walichokiona pichani hakikutokea. Wengine hawakufika hata huko: mbegu zilikaa ardhini wiki tatu kimya.

Nimekwenda kuangalia vitalu vingi vya aina hiyo, na sababu imekuwa karibu moja kila nyumba. Shamari ilikatizwa. Mmea huu ukipata mshtuko, iwe ni kung'olewa na kuhamishwa, kiu ya siku mbili au jua kali la kaskazi, hujiona unakufa na kukimbilia kuzaa. Ukishaanza kutoa shina la maua, haurudi nyuma. Ndiyo maana kila hatua hapa chini ina kazi moja: kuuacha mmea ukue mfululizo, tangu mbegu hadi kisu.

Nimeandika kwa ajili ya Tanga mjini na vitongoji vyake, ambako sehemu nyingi udongo ni mchanga mwepesi, hewa ina unyevu, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Aliye Lushoto hahitaji nusu ya tahadhari hizi, kwa sababu baridi ya milimani inamfanyia kazi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Vikusanye vyote kabla hujagusa jembe. Wengi hupanda leo, kisha matandazo wanayatafuta wiki ya tatu, wakati jua limeshafanya uharibifu wake.

- Mbegu za shamari, kijiko kimoja cha chai (zinatosha na kubaki)
- Kitambaa cheupe cha pamba na sahani, kwa kujaribu mbegu
- Samadi iliyoiva ya ng'ombe au mbuzi, ndoo 2 za lita 20 kwa tuta la mita 1 kwa mita 2
- Mboji au udongo mweusi wa chini ya mti, ndoo 1
- Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, au nyasi kavu zisizo na mbegu
- Makuti 3 au 4 na miti minne ya kusimamishia kivuli
- Kopo lililotobolewa matundu madogo kwa msumari mwembamba, la kumwagilia
- Mkasi
- Nyavu kuukuu za kuzungushia, kwa sababu ya kuku. Wavuvi wa Deep Sea, pale samaki wanaposhushwa mjini, huwa nazo zilizochakaa
- Maji yasiyo na chumvi, karibu lita 10 kwa siku kwa tuta hilo

Huna uwanja? Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, au kiroba kilichojazwa hadi sentimita 35, hubeba miche miwili ya kichwa au mmoja wa mbegu. Usitumie bakuli wala sufuria kuukuu isiyo na kina. Mzizi wa shamari hushuka moja kwa moja kama wa karoti, na ukigonga chini mapema mmea hudumaa.

## Hatua ya 1: Amua unataka nini

Kuna shamari za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowavunja moyo watu wengi.

Ya kwanza ni ile ya mbegu na majani. Huwa ndefu, hufika mita moja na nusu hata zaidi, na shina lake la chini halinoni hata ulitunze vipi. Mbegu zinazouzwa madukani kama kiungo cha chai na achari, zile watu wanazotafuna baada ya kula au kuweka kwenye tambuu, mara nyingi ni za namna hii.

Ya pili ni ya kichwa. Kichwa chenyewe ni vitako vya majani vilivyonona na kufumbatana juu kidogo ya udongo. Mbegu zake hupatikana kwenye maduka ya pembejeo, na kwenye pakiti utaona neno Florence.

Basi aliyenunua kiungo sokoni Mgandini akapanda akingoja kichwa, alikuwa akingoja kisichokuwamo ndani ya mbegu.

Ushauri wangu kwa anayeanza: panda robo tatu ya tuta kwa ajili ya majani na mbegu, robo moja kwa ajili ya kichwa. Majani utayapata hata ukikosea kidogo. Kichwa hakisamehe.

## Hatua ya 2: Panda mwezi unaofaa

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, nayo haikugharimu hata shilingi.

Shamari hupenda hali ya hewa ya kati ya nyuzi 15 na 21. Tanga hatuna hali hiyo mwezi wowote. Julai, wakati kusi inavuma na wazee wanatoa makoti, mchana bado hufika kama nyuzi 28. Lakini usiku hupoa, jua halichomi sana, na hiyo ndiyo nafasi yetu pekee. Februari na Machi mchana hupita nyuzi 30 na usiku haupoi. Kupanda kichwa wakati huo ni kupoteza mbegu.

Kalenda yangu ni hii:

Katikati ya Mei hadi katikati ya Juni: panda kwa ajili ya kichwa na mbegu. Mvua za masika zinapungua, udongo umeshiba maji, na miezi mitatu ya kipupwe iko mbele. Kichwa huchukua takribani siku 80 hadi 110, kwa hiyo utavuna kati ya mwanzo wa Agosti na mwanzo wa Oktoba.

Oktoba, vuli inapoanza: panda kwa ajili ya majani tu. Yatakua haraka, utayakata mara tatu au nne, kisha mmea utachanua. Usilalamike, ndivyo ilivyo.

Desemba hadi Machi: usipande.

Vitabu vya Ulaya husema shamari huchanua mapema kwa sababu ya siku ndefu za kiangazi chao, ambazo jua huwaka kwa muda wa saa 15 au 16. Onyo hilo si letu. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima haifiki saa moja. Kinachotuponza sisi ni joto na kiu. Ukisoma kalenda ya mahali pengine ukaifuata hapa, utapanda mwezi wa makosa.

Onyo: mwanzo wa Mei mvua huweza kunyesha kwa nguvu na kuzoa mbegu zote. Kama huwezi kungoja, funika tuta kwa makuti yaliyoinama upande mmoja ili maji yateremke nje ya tuta.

## Hatua ya 3: Jaribu mbegu kabla ya kuziamini

Kwanza hakikisha ni shamari. Mbegu yake ina rangi ya kijani hafifu au kijani kijivu, ina mistari ya kusimama, na urefu wake ni kama nusu sentimita hadi karibu sentimita moja. Ukiitafuna ni tamu. Bizari nyembamba inafanana nayo, lakini ni nyembamba zaidi, ina rangi ya kahawia, na harufu yake ni ya pilau. Nimeona mtu amepalilia bizari nyembamba mwezi mzima akiiita shamari, na muuzaji alikuwa amemwambia hivyo.

Kisha jaribu uhai wake:

1. Hesabu mbegu 20.
2. Lowesha kitambaa, kikamue, zitandaze nusu moja, funika kwa nusu ya pili.
3. Weka kwenye sahani, mahali penye kivuli ndani ya nyumba. Kitambaa kisikauke wala kisielee majini.
4. Kuanzia siku ya 6, fungua kila asubuhi uhesabu zilizotoa kimzizi cheupe. Maliza siku ya 14.

Zikiota 14 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota kati ya 8 na 13, panda mara mbili ya idadi unayohitaji. Chini ya 8, tafuta nyingine. Mbegu za dukani zilizowahi kukaangwa kidogo ili zinukie hazioti kamwe, na kwa macho huwezi kuzitambua. Kitambaa kitakwambia.

Jaribio hili lianze mwishoni mwa Aprili ili usichelewe dirisha la Mei.

## Hatua ya 4: Tengeneza tuta

Chagua mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa mfano mashariki mwa nyumba au mwa mwembe, mbali na mizizi ya mti wenyewe.

Chimba kina cha sentimita 30 hadi 40. Toa mawe, vipande vya matumbawe, vifuu na mizizi ya zamani. Mzizi wa shamari ukikutana na jiwe huchepuka, na mmea uliochepuka mzizi haunenepi juu.

Changanya samadi ndoo 2 na mboji ndoo 1 ndani ya udongo wote uliochimba, si juu tu. Mchanga wetu hauna uwezo wa kushika maji. Unaweza kumwagilia asubuhi, na saa 9 alasiri ukichimba kidole unakuta pakavu kabisa. Samadi na mboji ndizo zinazoushikilia unyevu pale mizizi ilipo, na unyevu usiokatika ndio nusu ya kazi yote hii.

Mwagilia tuta, liache wiki mbili. Magugu yataota, yang'oe. Samadi kama haikuiva vizuri nayo itamalizia joto lake kabla mbegu hazijaingia.

Onyo la samadi: ikinuka mkojo au ukiingiza mkono ukasikia joto, haijaiva. Mbolea ya kuku mbichi ni kali zaidi, huunguza vimizizi. Tena nitrojeni nyingi huleta majani mengi na kichwa kidogo, kwa hiyo usiongeze urea.

Onyo la majirani: shamari ipe tuta lake peke yake. Ina tabia ya kuzuia mimea mingine kukua vizuri karibu nayo, na nyanya na maharage ndizo zinazoteseka wazi. Acha angalau mita moja. Watu wa viwanja vidogo vya Ngamiani wanaopanda kila kitu pamoja, mchicha, bamia, nyanya na kotmiri, waiweke kwenye ndoo.

Umefaulu ukiona: ukifinya konzi ya udongo wenye unyevu unashikamana, ukiugusa kwa kidole unavunjika. Ukimwaga maji hayatuami wala hayapotei papo hapo.

## Hatua ya 5: Panda pale pale itakapokulia

Hapa ndipo mazoea yanapotuponza. Tumezoea kusia nyanya na kabichi kitaluni, kisha kuhamisha. Shamari usiihamishe. Ukiing'oa unakata ncha ya mzizi, na mzizi uliokatwa ncha ni kengele ya kuchanua.

Loweka mbegu kwenye maji ya kawaida usiku mmoja. Asubuhi yamwage, zianike kidogo kivulini zisigandane.

Lowesha tuta kabla ya kupanda. Chora mifereji ya kina cha sentimita 1, isizidi, kwa umbali wa sentimita 40 kati ya mfereji na mfereji. Dondosha mbegu moja kila baada ya sentimita 4 au 5. Funika kwa udongo laini uliouchekecha, gandamiza taratibu kwa kiganja. Tandaza nyasi kavu nyepesi juu, kisha mwagilia kwa kopo lenye matundu. Ukimwaga kwa ndoo, mbegu zitakusanyika zote pembeni.

Zungushia nyavu siku hiyo hiyo. Kuku wa jirani hawangoji kesho.

Mbegu huota kati ya siku ya 7 na ya 14. Muda wote huo udongo wa juu usikauke hata mara moja, kwa hiyo mwagilia kidogo asubuhi na kidogo jioni. Zikianza kuchomoza ondoa nyasi jioni, usingoje kesho yake adhuhuri, maana miche iliyolelewa chini ya nyasi ikikutana na jua la saa 6 hunyauka.

Kama hapana budi uanzie nyumbani, kwa mfano mvua haijakatika, tengeneza vikombe vya karatasi ya gazeti vyenye kina cha sentimita 8 hadi 10. Panda mbegu mbili kila kikombe. Mche ukiwa na majani mawili ya kweli, zika kikombe chote na karatasi yake bila kuugusa mzizi. Karatasi itaoza.

Onyo la kinyausi: miche midogo ikianguka, shina limesinyaa na kuwa jembamba usawa wa udongo, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Husababishwa na kuvu wanaopenda udongo uliolowa mno na miche iliyobanana. Ondoa iliyoanguka pamoja na udongo wake, punguza maji ya jioni, ruhusu hewa ipite. Iliyokwisha kuanguka haiponi.

Umefaulu ukiona: majani mawili ya mwanzo membamba kama nyasi, kisha la tatu limechanika laini kama unyoya. Likisugulika linanukia utamu.

## Hatua ya 6: Punguza miche bila huruma

Miche ikifika urefu wa sentimita 6 hivi, bakisha mmoja kila sentimita 10. Ikifika sentimita 15, bakisha mmoja kila sentimita 25 hadi 30. Ya kutolea mbegu iwe mbali zaidi, sentimita 45.

Kata kwa mkasi usawa wa udongo. Ukivuta kwa mkono unatikisa mizizi ya ile unayotaka kuibakiza.

Najua inauma. Shangazi yangu alikataa kata kata kukata miche aliyoilea mwenyewe, akaiacha yote, ikabanana ikagombea maji, na mwisho wa Julai kitalu kizima kilikuwa maua matupu. Miche unayokata si hasara: ioshe, ikatekate kwenye kachumbari ya siku hiyo.

## Hatua ya 7: Maji, kila siku, bila kuruka

Kwa tuta la mita 1 kwa mita 2, lita 10 kwa siku zinatosha mwezi wa kwanza na wa pili. Mmea ukiwa mkubwa na kusi ikivuma kavu, fika lita 15. Gawa: theluthi mbili asubuhi kabla ya saa 2, iliyobaki saa 11 jioni. Mwaga chini ya mmea, si juu ya majani.

Kipimo changu hakiko kwenye lita. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta ubaridi na unyevu, acha. Ukikuta vuguvugu na mchanga hauambatani na ngozi, umeshachelewa, mwagilia sasa hivi hata kama ni mchana.

Wanaoruka siku mbili kisha wakamwaga ndoo tatu kwa mara moja hupata mabaya mawili: kichwa hupasuka, na mmea huchanua. Ukisafiri, hata kwenda Muheza kulala siku mbili msibani, mwachie mtu kazi hiyo na umwonyeshe kipimo cha kidole. Kama hakuna mtu, jaza chupa za lita moja na nusu, toboa kizibo tundu la sindano, zifukie kichwachini kati ya miche.

Onyo la chumvi: yaonje maji ya kisima chako. Yakiwa na ladha ya chumvi ulimini, usiyatumie kwenye miche michanga. Utaona ncha za majani zinakauka kahawia, kisha ukoko mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya bati wakati wa masika, uyahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko ili mbu wasizaliane. Kama huna jingine, changanya nusu kwa nusu na ya bomba.

## Hatua ya 8: Matandazo na kivuli

Miche ikiwa na kimo cha kiganja, zungushia makumbi yaliyochambuliwa, unene wa sentimita 4 hadi 5, ukiacha nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye shina. Makumbi yanapatikana bure karibu kila mahali panapofuliwa nazi, na hushika maji vizuri. Yaloweke siku moja, umwage yale maji ya kahawia, ndipo uyatandaze.

Kivuli ni cha saa 5 hadi saa 9 alasiri tu. Makuti mawili juu ya fito, kimo cha mita moja, yawe na matundu yanayopitisha miale. Ukifunika kutwa nzima mmea utarefuka ukitafuta mwanga, na mmea uliorefuka haunoni.

Palizi ni ndogo ukiwa na matandazo. Magugu machache yang'oe kwa mkono yangali madogo. Jembe lisikaribie mzizi.

Wiki ya 5 na ya 8, mpe kila mche kikombe cha maji ya samadi: samadi konzi tatu katika ndoo, ikae siku tano, ichujwe, iongezwe maji hadi iwe na rangi ya chai nyepesi.

## Hatua ya 9: Inulia udongo (kwa wa kichwa tu)

Kitako cha mmea kikifika ukubwa wa yai la kuku, sogeza udongo laini uzibe nusu yake. Rudia baada ya siku kumi. Kazi ya udongo huo ni kukikinga na jua ili kibaki cheupe na laini, na kuushika mmea usitikiswe na upepo. Majani membamba yaache nje. Udongo ukiingia katikati ya vitako vya majani, utausafisha jikoni hadi uchoke.

## Wadudu utakaokutana nao

Vidukari ndio wa kwanza. Hukaa chini ya maua na kwenye majani machanga, wakifyonza, na sisimizi huwazunguka. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, nyunyizia jioni pale walipo, asubuhi suuza kwa maji safi. Rudia baada ya siku nne. Usinyunyizie juani, majani yataungua.

Konokono hula miche usiku baada ya mvua. Toka na tochi saa 2 usiku uwaokote. Majivu makavu kuzunguka tuta husaidia hadi yatakapolowa, kisha yanakuwa bure.

Sota, kiwavi anayejificha udongoni, hukata mche shingoni. Ukikuta mche umelala asubuhi kama uliokatwa kwa wembe, fukua pembeni yake sentimita chache, utamkuta amejikunja. Muue. Kwa miche iliyobaki, zungushia pete ya karatasi ngumu, nusu yake ardhini.

Dawa za dukani sizishauri hapa. Hili ni jani unalolila bichi.

## Hatua ya 10: Vuna

Majani: anza wiki ya 7 au 8. Kata ya nje, acha ya katikati, na usizidi theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Yaingize mwishoni mwa mchuzi wa samaki, moto ukiwa umeshatolewa, vinginevyo harufu yote inaondoka na mvuke. Kwa changu au kolekole wa nazi, naona hakuna jani la bustani linaloyapita.

Kichwa: kwa hali ya hewa yetu tegemea ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, mara nyingi chini ya hapo. Usingoje kifanane na cha pichani. Kikishaacha kunenepa kwa wiki moja, kata sentimita 2 juu ya udongo, asubuhi na mapema. Mzizi uache ardhini uendelee kupata maji, utatoa vichipukizi vidogo vitamu vya kula baada ya wiki chache. Dalili ya kuchelewa ni katikati ya kichwa kuanza kuchomoza bua gumu la mviringo. Ukiliona, vuna siku hiyo hiyo, maana baada ya siku chache kitakuwa nyuzi nyuzi.

Ukichanua mapema: kukata ua hakurudishi kichwa. Uache mmea utoe mbegu. Maua yake ya njano, yaliyopangika kama miavuli, huita nyuki na wadudu wengine wanaosaidia bustani nzima.

Mbegu: zitakuwa tayari miezi mitano hivi baada ya kupanda, na hapo vuli inakukaribia. Mvua ikizikuta zimekomaa kwenye mmea, huota ukungu mweusi. Kwa hiyo usingoje zikauke shambani. Miavuli ikianza kugeuka kutoka kijani kibichi kuwa kijani kijivu yenye ncha za kahawia, ikate na bua lake, itie kichwachini ndani ya mfuko wa karatasi, uuning'inize ndani ya nyumba penye hewa. Baada ya wiki mbili pukuchua, pepeta kwenye ungo.

Anayetaka mbegu za kula na chai azivune zikiwa bado na ukijani, utamu wake uko juu zaidi. Mjamzito asizinywe kwa wingi kama dawa bila kuuliza kituo cha afya, kiasi cha kuungia chakula hakina shida.

Za kupanda mwakani chagua kutoka kwenye mimea iliyochelewa kuchanua, si ile iliyokimbia. Ziweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kipande cha mkaa mkavu uliofungwa kwenye kitambaa, kwa sababu hewa ya Tanga hulowesha kila kitu. Andika mwezi na mwaka kwenye karatasi uitie humo ndani. Zitafaa mwaka mmoja, labda miwili, na kila mwisho wa Aprili zirudishe kwenye kitambaa uhesabu 20 upya.